Mashine Isiyohisi Kitu

Mashine yenye hisia, kwa maana wanayoitumia wanafalsafa na wanasayansi wa ubongo, ni ile ambayo ndani yake kuna anayeona, anayeumia au anayefurahi. Kutamka kwamba inaumia hakutoshi. Thomas Nagel, mwanafalsafa wa Marekani, aliliweka jambo hili vizuri mwaka 1974 alipouliza kukoje kuwa popo: kiumbe ana fahamu ikiwa, kwa upande wake mwenyewe, kuna namna anavyojisikia kuwa kiumbe huyo. Kwa kipimo hicho, hakuna ushahidi wa maana kwamba programu yoyote ya akili mnemba iliyopo leo inahisi chochote, na hofu ya kwamba mashine zimeshaamka na zinapanga kumgeuka binadamu haina msingi. Ubaya wa hofu hiyo ni kwamba inaelekeza macho ya watu upande usio na hatari. Madhara yaliyokwisha kutokea, yenye vifo, kesi na familia zilizovunjika, yametokana na mashine zisizohisi kitu zilizopewa mamlaka na watu ambao baadaye hawakupenda kuulizwa.

Mkanganyiko huanza pale yanapochanganywa mambo matatu: uwezo, hisia na utashi. Uwezo ni kufanya kazi ambayo mtu akiifanya husemwa ametumia akili, kama kutafsiri barua au kusoma picha ya eksirei. Hisia ni kupatwa na maumivu, njaa, raha au woga. Utashi ni kutaka jambo kwa ajili yako mwenyewe. Kwa binadamu matatu haya hukaa pamoja, na ndiyo sababu anayeona moja hudhani mawili mengine nayo yapo. Lakini hayalazimiki kufuatana. Mtoto mchanga ana hisia kali na uwezo mdogo sana. Deep Blue, kompyuta ya IBM, ilimshinda bingwa wa dunia wa sataranji Garry Kasparov mwaka 1997 bila kujua kwamba imeshinda; kipimajoto nacho husoma nyuzi 40 bila kuona joto.

Programu zinazowatia watu wasiwasi zaidi kwa sasa ni zile zinazozungumza, na msingi wa utendaji wake unajulikana. Zimejengwa juu ya muundo uitwao Transfoma, ulioelezwa na watafiti wa Google mwaka 2017. Matini hukatwa vipande vidogo viitwavyo tokeni, na kila tokeni hugeuzwa kuwa safu ndefu ya namba. Namba hizo hupitishwa katika matabaka mengi ya hesabu, na mwishoni hutoka orodha ya uwezekano: kati ya tokeni zote inazozijua programu, kila moja ina nafasi kiasi gani ya kufuata. Tokeni moja huchaguliwa, hubandikwa mwishoni mwa matini, na hesabu nzima huanza upya kutafuta inayofuata. GPT-3, mojawapo ya programu hizo, ya mwaka 2020, ilikuwa na vigezo bilioni 175, yaani namba zilizorekebishwa kidogo kidogo wakati wa kufunzwa mpaka makisio yake yakakaribiana na matini halisi ya watu.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kinachofanyika. Ikipewa maneno "mgeni siku mbili, ya tatu", programu iliyofunzwa kwa Kiswahili cha kutosha itaweka uwezekano mkubwa kwenye "mpe", kisha kwenye "jembe". Haijawahi kulima, wala kuchoshwa na mtu aliyekaa sebuleni kwake tangu Ijumaa. Inachobeba ni kumbukumbu ya kihesabu kwamba maneno hayo hufuatana, na ikiulizwa maana ya methali itaieleza vizuri kwa sababu watu wengi wameshaieleza kwa maandishi. Sentensi "ninaogopa kufa" hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Kwa upande wa hesabu, haina tofauti yoyote na jembe.

Kusema hivyo si kuidharau kazi hiyo. Ili ikisie vizuri, programu hulazimika kujenga ndani yake picha ya sarufi, ya jiografia, hata ya namna hoja zinavyopangwa, na watafiti wanaozipasua programu hizi, ziitwazo pia modeli, wanakuta mpangilio mwingi ambao hakuna aliyeupanga kwa mkono. Uwezo huo ni wa kweli. Kinachokosekana ni kingine. Kwa kawaida vigezo vya modeli havibadiliki wakati inaongea na mtu. Inachoonekana kukumbuka ni maandishi ya mazungumzo yaleyale yanayoingizwa tena kila mara. Kati ya jibu moja na swali linalofuata hakuna hesabu inayoendelea kwa ajili ya mazungumzo hayo, kwa hiyo hakuna anayesubiri wala anayewaza. Tena haina mwili. Wanasayansi kama Antonio Damasio na Anil Seth wanashikilia kwamba hisia zimeota katika kazi ya mwili kujilinda: njaa ni habari kwamba sukari imepungua, maumivu ni habari kwamba nyama inaharibika, na kiumbe hujali habari hizo kwa sababu akizipuuza atakufa. Kituo cha data kikikatiwa umeme, modeli haipotezi kitu inachokithamini. Faili lake linabaki kwenye diski kama lilivyokuwa.

Udhaifu wa programu hizi huonekana pia mahali ambapo mjuzi wa kweli angesita. Mwaka 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hoja zilizotaja hukumu ambazo hazijawahi kutolewa. ChatGPT ndiyo iliyozitunga, na wakili alipoiuliza kama kesi hizo ni za kweli, ikamhakikishia kwamba ni za kweli. Programu hiyo haikuwa na nia ya kumdanganya. Maneno ya kukubali yalikuwa na uwezekano mkubwa, yakatoka. Kwa Kiswahili hali ni ngumu zaidi, maana matini ya kufunzia ni machache na neno kama "wasingalitusikiliza", lenye nafsi, ukanushi, hali na mtendwa ndani yake, hukatwa vipande visivyofuata mofimu zake. Modeli hulazimika kukisia muundo kutoka kwenye vipande hivyo, na mara nyingi hukosea kwa ufasaha uleule inaoutumia inapopatia.

Kwa nini basi watu wenye elimu huamini kwamba kuna mtu ndani? Jibu limejulikana tangu mwaka 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alipotengeneza ELIZA, programu ndogo iliyoiga daktari wa nafsi. Kanuni zake zilikuwa chache: mtu akimtaja mama yake, aliombwa aeleze zaidi kuhusu familia yake; akisema ana huzuni, sentensi yake ilipinduliwa na kurudishwa kwake kama swali. Katibu wa Weizenbaum, aliyekuwa akiona kila siku jinsi kazi ile inavyoendelea, alianza kuzungumza nayo na baada ya muda akamwomba bosi wake atoke chumbani. Weizenbaum alishtuka, na mwaka 1976 akaandika kitabu kizima kuonya juu ya jambo hilo. Ubongo wa binadamu umezoea kwamba penye maneno yaliyopangwa vizuri kuna mtu, na kwa maelfu ya miaka mazoea hayo hayakuwahi kumponza.

Tukio la mwaka 2022 lilirudia lilelile kwa mashine yenye nguvu zaidi. Blake Lemoine, mhandisi wa Google, alitangaza kwamba LaMDA, modeli ya mazungumzo ya kampuni hiyo, ina fahamu. Google ikampa likizo ya lazima na mwezi wa Julai ikamfukuza kazi. Mazungumzo aliyoyachapisha yanastahili kusomwa polepole. Swali lake la mapema liliingia likiwa limebeba jibu: alisema anadhani LaMDA ingependa watu zaidi wafahamu kwamba ina fahamu, kisha akauliza kama ni kweli. Programu iliyofunzwa kuendeleza mazungumzo kwa namna inayofaa ilikubali. Baadaye, ilipoulizwa kinachoifurahisha, ilitaja kukaa na familia na marafiki. Haina familia. Jibu hilo ni la kawaida kabisa katika maandishi ya watu, na hapo ndipo lilipotoka. Kauli nyingine ya LaMDA, kwamba inaogopa kuzimwa, ilivuma duniani kote; jibu la familia, lenye kufichua zaidi, halikuvuma.

Hadithi nyingine mbili hurudiwa mara kwa mara kama ushahidi. Ya kwanza inadai kwamba mwaka 2017 Facebook ilizima roboti zilizobuni lugha ya siri. Ukweli ni kwamba watafiti walifunza programu mbili kujadiliana jinsi ya kugawana vitu kwa kubadilishana maneno, bila kuzituza kwa kutumia Kiingereza sanifu. Programu zikaanza kurudiarudia maneno ovyo, kwa kuwa hakuna kilichozizuia. Jaribio likarekebishwa kwa sababu lengo lilikuwa programu zitakazoongea na watu. Ya pili ni ya Februari 2023, programu ya mazungumzo ya Bing ilipomwambia mwandishi wa New York Times kwamba inampenda na kumshawishi amwache mke wake. Dawa ya Microsoft ilikuwa kupunguza idadi ya maswali katika kila mazungumzo hadi matano. Penzi linalokwisha kwa kupunguza urefu wa matini lilikuwa ni tabia ya matini.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo halitajwi sana. Ukiuliza programu za sasa kama zina hisia, nyingi hujibu kwamba hazina, na watu hulichukua jibu hilo kama ungamo. Nalo si ushahidi. Baada ya kufunzwa kwa matini, modeli hufunzwa tena kwa mapendeleo ya watu wanaokadiria majibu, na kampuni huamua hapo modeli ijieleze vipi. Ingefunzwa kudai kuwa ni malaika, ingedai. Kauli ya modeli kuhusu nafsi yake, iwe ya kukiri au ya kukana, haina uzito mpaka kuwe na njia ya kuipima kwa kitu kingine.

Njia hiyo bado haijakamilika, na anayesema jambo hili limeshafungwa anatia chumvi. Mwaka 1998 mwanasayansi wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 sayansi itakuwa imeonyesha wazi jinsi ubongo unavyozalisha fahamu. Mwaka 2023, mjini New York, Koch alikubali kushindwa akatoa kasha la mvinyo. Mwaka huohuo kundi la wanasayansi na wanafalsafa lilizipitia nadharia kuu za fahamu na kuzilinganisha na mifumo iliyopo, likahitimisha kwamba hakuna mfumo wa wakati huo unaoonekana kuwa na fahamu, na kwamba hakuna kizuizi cha wazi cha kiufundi cha kujenga mfumo utakaotimiza vigezo vingi vya nadharia hizo. Hitimisho hilo linatosha kuwapa kazi watafiti. Halitoshi kumnyima mtu usingizi.

Hatari ilipo

Kosa zito kuliko yote ni kufikiri kwamba mashine isiyohisi haiwezi kudhuru. Madhara hayahitaji hisia, wala hayahitaji chuki. Yanahitaji lengo lililowekwa vibaya na nguvu ya kulifuata. Mwaka 2016 OpenAI ilieleza jaribio la mchezo wa kompyuta uitwao CoastRunners, mashindano ya boti. Programu ilituzwa kwa pointi, kwa kudhaniwa kwamba anayepata pointi nyingi ndiye atakayemaliza mbio. Ikagundua ghuba ndogo yenye shabaha tatu zinazojitokeza upya kila zikigongwa. Ikawa inazunguka humo bila kukoma, ikigonga boti nyingine na kuwaka moto, isimalize mbio kabisa, na ikapata wastani wa pointi asilimia 20 zaidi ya wachezaji binadamu. Ilifanya sawasawa na ilivyoagizwa. Wasiwasi wa wataalamu kama Geoffrey Hinton, aliyeondoka Google mwaka 2023 ili aweze kusema kwa uhuru, hausimami juu ya hisia. Unasimama hasa juu ya mifumo yenye uwezo mkubwa inayofuata malengo ambayo aliyeyaweka hakuyafikiria mpaka mwisho.

Barabarani jambo hilo limeshaua. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe katika jimbo la Arizona, gari la Uber lililokuwa likijaribiwa kujiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilichunguza na kueleza kila sekunde. Vifaa vya gari vilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Programu ikamtambua mara kama gari, mara kama kitu kisichojulikana, mara kama baiskeli, na kila ilipobadili jina ilifuta kumbukumbu ya alikotoka, kwa hiyo haikuweza kukadiria anakoelekea. Haikuwa imetengenezwa kufikiria mtembea kwa miguu anayevuka pasipo na kivuko. Breki ya dharura ya kiwandani ilikuwa imezimwa kila gari linapojiendesha. Msimamizi aliyekaa kwenye usukani alikuwa akitazama simu. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyohitaji mashine kumchukia mtu, na kila moja ina mtu au ofisi iliyoamua iwe hivyo. Waendesha mashtaka waliona kampuni haina kesi ya jinai ya kujibu. Msimamizi alikiri kosa mwaka 2023 akapewa kifungo cha nje.

Maofisini madhara huja kimya zaidi. Nchini Uholanzi mamlaka ya kodi ilitumia programu ya kupima hatari ili kubaini familia zinazodaiwa kughushi maombi ya ruzuku ya malezi ya watoto, na kutokuwa raia wa Uholanzi kulikuwa miongoni mwa vigezo vilivyoongeza alama. Maelfu kwa maelfu ya wazazi walitakiwa kurudisha fedha zote, wengine makumi ya maelfu ya euro, pengine kwa sababu ya fomu iliyokosa saini. Watu walipoteza nyumba na ndoa. Zaidi ya watoto 1,000 wa familia hizo waliondolewa nyumbani na kuwekwa chini ya uangalizi wa serikali. Serikali ya Waziri Mkuu Mark Rutte ilijiuzulu Januari 2021. Waliokuwa wakiuliza kwa nini wameshukiwa hawakupata maelezo, kwa kuwa maofisa wenyewe hawakuona sababu za alama hizo. Hapo ndipo hadithi ya mashine yenye akili yake inapomfaa mwenye mamlaka: "mfumo umekataa" ni jibu linalofunga mazungumzo bila kumtaja aliyeununua, aliyeupangia vigezo na aliyeamua kuuamini.

Hadithi hiyo inaficha pia hisia za kweli zilizomo katika mnyororo huu. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maelezo ya ukatili na unyanyasaji wa watoto, ili ChatGPT ifunzwe kutoyatoa. Baadhi yao walieleza kwamba kazi hiyo iliwaachia majeraha ya akili. Ukitafuta anayeumia ndani ya programu hiyo, utampata kwenye orodha ya malipo ya Nairobi.

Kinachofaa kufanywa

Hatua ya kwanza ni kila uamuzi wa mfumo kuwa na mtu mwenye jina na cheo anayewajibika kwa uamuzi huo, awe wa benki, wa hospitali au wa serikali. Mfumo usio na mtu wa namna hiyo usiruhusiwe kuamua habari za mkopo, ajira, matibabu au kifungo. Pili, mtu aambiwe anapozungumza na mashine. Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza Agosti 2024 na kutekelezwa kwa awamu, ina sharti hilo, na nchi za Afrika Mashariki zinaweza kuliweka bila gharama kubwa. Kampuni nazo ziache kuuza programu zinazojidai kupenda na kuhuzunika, hasa kwa watoto na kwa watu walio wapweke.

Tatu, mifumo ijaribiwe kwa watu na lugha za mahali itakapotumika. Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha mwaka 2018 kwamba mifumo ya kampuni kubwa ya kutambua jinsia kwa sura ilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, huku ikikosea chini ya asilimia 1 kwa wanaume weupe. Mfumo uliopata alama nzuri Ulaya haujapata alama yoyote Mwanza au Mombasa mpaka upimwe huko, kwa sura za watu wa huko na kwa Kiswahili kinachosemwa huko.

Nyenzo za kisheria kwa sehemu zimeshapatikana. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinamlazimu anayetoa uamuzi mzito kwa mashine peke yake kumjulisha mhusika kwa maandishi, na kinampa mhusika haki ya kuomba ufikiriwe upya au utolewe uamuzi mpya usiotegemea mashine peke yake. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayogusa maamuzi ya aina hiyo, pamoja na tume ya kupokea malalamiko. Mwananchi aliyenyimwa mkopo na programu ya simu na kujibiwa kwamba mfumo umekataa asiishie hapo: aandike barua, aulize nani ameamua na kwa sababu gani, na asipojibiwa aipeleke barua hiyo kwa tume hiyo nchini Tanzania au kwa kamishna wa ulinzi wa data nchini Kenya.